Maswali yenu kuhusu miradi ya vifaa tiba

Msimu wa kuchagua miradi ya mwaka wa mwisho ukianza, wanafunzi wa uhandisi wanaotaka kubuni vifaa tiba huniandikia kwa wingi. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina nimeyaacha.

Tuko wanne na tuna mwaka mmoja. Tunataka kubuni inkubeta ya bei nafuu kwa watoto njiti. Wazo hili limeshapitwa?

Halijapitwa, ila limewahi kuwatoa jasho watu hodari kuliko mimi na ninyi. Kikundi cha Marekani kiitwacho Design that Matters kilibuni inkubeta ya NeoNurture kwa vipuri vya gari: taa za mbele zikatoa joto, feni ikasukuma hewa, betri ya pikipiki ikangojea umeme ukatike. Hoja yao ilikuwa na mantiki, kwamba pasipo fundi wa vifaa tiba, fundi magari hakosekani. Mwaka 2010 jarida la Time likaiweka kwenye orodha yake ya uvumbuzi 50 bora. Sokoni haikufika. Kifaa chao kilichofuata, taa ya kutibu manjano ya watoto wachanga, walikibuni pamoja na kiwanda cha Vietnam ambacho kingekitengeneza, na hicho kikafika hospitalini.

Sasa wasikilizeni wanafunzi wa Stanford waliopewa kazi hiyohiyo darasani mwaka 2007. Mmoja wao alikwenda Nepal akakuta inkubeta za hospitali ya mjini zimekaa bure, kwa sababu watoto waliozihitaji walizaliwa vijijini na hawakufikishwa mjini wakiwa hai. Hapo swali likabadilika. Badala ya kupunguza bei ya inkubeta, walitengeneza mfuko wa kumvisha mtoto, wenye pakiti ya kitu mfano wa nta. Nta hiyo huyeyushwa kwanza, kisha hutoa joto la karibu nyuzi 37 kwa saa kadhaa inapoganda. Kifaa hicho ndicho Embrace.

Basi kabla hamjanunua hata waya mmoja, jueni mtoto yuko wapi, nani amembeba, na umeme upo saa ngapi. Tena mna mshindani mkali: kifua cha mama. Huduma ya kangaruu, ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, na haihitaji betri. Kama kifaa chenu hakimsaidii mtoto ambaye kifua cha mama hakikumtosha au hakikupatikana, tafuteni kingine.

Tumetengeneza oksimita ya kidoleni, kifaa kinachokadiria asilimia ya oksijeni kwenye damu. Tumepima wanafunzi wenzetu, wote wamesoma kati ya 96 na 99, sawasawa na kifaa cha dukani. Tuandike kwamba usahihi wetu ni asilimia 98?

Msiandike. Mngechora kidole kwenye karatasi na kuandika 97 pembeni yake, mngepata usahihi uleule. Vijana wenye afya wote wako kwenye kipande hicho kifupi cha juu, na kifaa kinahitajika kwa mtu aliyeshuka hadi 85.

Tatizo lina mizizi mirefu zaidi. Oksimita hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kidoleni na kulinganisha jinsi kila mmoja unavyobadilika damu inapodunda. Uwiano huo, R, hugeuzwa kuwa asilimia kwa mchoro uliopatikana kwa kuwashushia oksijeni watu waliojitolea, chini ya uangalizi wa madaktari, na kupima damu ya ateri zao. Fomula ya 110 toa 25R, ambayo nashuku ndiyo mliyoinakili, ni makadirio ya jumla. Haikutokana na taa zenu, wala na kishikio chenu, wala na vidole vya watu mnaowalenga.

Na hilo la vidole si dogo. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwasoma 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Hivyo ni vifaa vya hospitali, vyenye vibali vyote. Mwanafunzi anayebuni oksimita leo bila kugusia rangi ya ngozi hajasoma.

Mfanye nini? Msijaribu kumshusha mtu oksijeni, hata kwa kumwambia abane pumzi. Punguzeni dai lenu. Pimeni mapigo ya moyo dhidi ya kifaa chenye kibali, kidole kikiwa baridi, mkono ukitikisika, chumba kikiwa na jua, na mseme kifaa kinakataa kusoma wakati gani. Kifaa kinachojua kunyamaza kina thamani kuliko kinachotoa namba kila wakati. Kisha chora tofauti ya vifaa viwili dhidi ya wastani wao, kama Bland na Altman walivyoshauri mwaka 1986. Ule mgawo wa uhusiano wa 0.98 mnaoupenda huonyesha tu kwamba namba zinapanda na kushuka pamoja. Vifaa viwili vinaweza kufanya hivyo huku vikitofautiana kwa pointi kumi siku zote.

Mradi wetu unapima umeme wa moyo. Elektrodi zinaingia kwenye saketi, saketi kwenye kompyuta mpakato. Tunaweza kujipima wenyewe?

Kwanza chomoeni chaja. Si ya kompyuta tu. Osiloskopu, printa, chochote kilichounganishwa na saketi hiyo na kinachotumia umeme wa ukutani ni njia ya mkondo kupita mikononi mwenu, kifuani katikati ya safari. Viwango vya kimataifa vya IEC 60601 huruhusu mkondo unaovuja kwa mgonjwa usizidi mikroampea 100 katika hali ya kawaida kwa vifaa vinavyogusa ngozi, na 10 pekee kwa vile vinavyogusa moyo moja kwa moja. Chaja rahisi isiyo na jina haijaahidi mtu yeyote hivyo. Tumieni betri, na data ipelekwe kwa redio au kupitia kitenganishi cha mwanga, kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha saketi mbili kwa waya.

Pili, mwenzako wa darasani ni binadamu. Nendeni kwenye kamati ya maadili kabla ya kukusanya data, kwani kibali cha kurudi nyuma hakipo. Na mwenzako awe na uhuru wa kukataa bila kununiwa na kikundi.

Ni lazima tuwe na muuguzi kwenye timu? Msimamizi wetu ni mtu wa umeme na anasema si lazima.

Kwa kanuni za chuo huenda si lazima. Lakini muuguzi atawauliza ndani ya dakika tano maswali ambayo jopo la watahini halitawauliza: kinasafishwaje, naweza kukibonyeza nikiwa na glavu, kengele yake inasikika vipi kukiwa na kengele nyingine sita? Nimeona kasha zuri la plastiki ya PLA, lililochapwa kwa printa ya 3D, likipendekezwa kutakaswa kwa mvuke. PLA hulainika karibu nyuzi 60. Mashine ya kutakasa hufika 121 au zaidi.

Muiteni na fundi wa vifaa tiba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa katika mazingira yenye rasilimali chache havifanyi kazi. Yeye ndiye anayeviona, na anajua vinavyokufa mapema.

Programu yetu hukagua kila kitu kabla ya pampu kuwaka. Tunaweza kuondoa swichi ya usalama ili kupunguza gharama?

Hapana. Someni habari za Therac-25, mashine ya mionzi ambayo watengenezaji wake waliziondoa kinga za kimitambo zilizokuwepo kwenye matoleo ya awali, wakaiachia programu kazi hiyo. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi walikufa.

Wiki ijayo tuna maonyesho. Hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wetu, tutaiomba baadaye.

Katika nchi nyingi, kuonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha ombi hufanya uvumbuzi usihesabiwe tena kuwa mpya, na ombi hukataliwa. Marekani hutoa mwaka mmoja wa ahueni, Ulaya kwa kawaida haitoi. Zungumzeni na ofisi ya chuo wiki hii, au onyesheni kinachofanyika bila kueleza namna kinavyofanyika. Ingawa, niseme ukweli, miradi mingi ninayoiona ina haja kubwa ya vipimo kuliko hataza.

Miradi ya miaka iliyopita imejaa kabatini. Kuna mradi wa wanafunzi uliowahi kufika kwa mgonjwa?

Upo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walibuni kifaa cha kusaidia watoto wachanga kupumua kwa kutumia pampu za tangi la samaki. Kanuni yake ni nyepesi: bomba la hewa huzamishwa majini, na kina cha maji ndicho kinachoweka shinikizo, kina cha sentimita sita hutoa shinikizo la sentimita sita za maji, ambacho ni kipimo cha shinikizo. Kilijaribiwa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto 62 waliokitumia, asilimia 71 waliruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa hai. Kati ya 25 waliopata oksijeni pekee, asilimia 44. Idadi ni ndogo na makundi hayakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo zisomeni namba hizo kwa tahadhari. Kifaa hicho sasa kinaitwa Pumani.

Kati ya meza ya maabara na wodi walipita wahandisi wengine, walimu, madaktari wa watoto na kampuni ya kukitengeneza. Wanafunzi wenyewe walikuwa wameshahitimu. Kwa hiyo mkifunga kabati, wekeni ndani michoro ya saketi, orodha ya vipuri pamoja na mahali mlipovipata, msimbo wa programu wenye maelezo, na daftari la majaribio yaliyoshindikana. Hilo daftari wekeni juu kabisa.