Wasomaji Wauliza: Mbio za Sports Car Miaka ya 50, Kikombe Tu Bila Pesa?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mimi ni fundi hapa Majengo na nasoma safu yako kila ikitoka. Juzi gereji kulizuka ubishi mkubwa, mwenzangu ashikilia ati zamani kule Marekani dereva wa sports car akichukua pesa ya ushindi anafukuzwa chamani. Mimi nikamwambia haiwezekani, mtu ahatarishe roho yake halafu apewe kikombe tu aende nacho nyumbani? Tukatie huu ubishi tafadhali.
– Fundi, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam fundi. Mwenzako amesema kweli. Mbio nyingi za sports car Marekani miaka ile zilikuwa chini ya chama kinaitwa SCCA, kilianzishwa Boston mwaka 1944, na msimamo wao ulikuwa mmoja, ridhaa tupu. Unashinda, unapewa kikombe, unapigwa picha, unarudi kwenu. Ukienda kukimbia mahali pengine kwa pesa unaiweka leseni yako hatarini.

Na wewe kama fundi nataka uone yale magari yenyewe, manake ndo utaelewa ile sheria ilitoka wapi. Mwanzoni wengi walikuwa na MG TC ya Uingereza, injini 1250 cc, nguvu za farasi hazifiki hata 60, ringi za spoki inchi 19 nyembamba kama za pikipiki. Jamaa anaamka alfajiri, anaendesha gari hilo hilo mpaka kwenye mbio, akifika anatoa vifuniko vya ringi, analaza kioo cha mbele juu ya boneti, anabandika tepu kwenye vioo vya taa ili vikivunjika visimwagike barabarani, anaandika namba mlangoni, anavaa helmeti anaingia. Jioni akiwa bado mzima anarudisha kila kitu mahali pake na Jumatatu anakwenda nalo kazini. Hapo sawa, hapo ridhaa ina maana, na mimi mambo hayo nayapenda sana wallahi.

Lakini haikukaa hivyo. Ikaja Jaguar XK120, injini lita 3.4, ikaja Allard, zikaja Ferrari, na gari likishakuwa la bei ya nyumba ile sheria ya kikombe tu inabadilika maana yake, yaani inakuwa ni mlango na ufunguo wa mlango ni pesa za babako. Mwenye mali hana haja na zawadi. Asiyekuwa nayo, hata awe na mikono ya dhahabu, atanunua tairi na nini? Hapo ndo mimi nasimama upande wa madereva, siku zote.

Na kama kawaida watu wakatafuta njia. Matajiri kama John Edgar na Tony Parravano wa California wakawa wananunua magari makali halafu wanawapa vijana wenye kipaji waendeshe. Sasa we mwenyewe unajua vile mashindano ya mpira wa mtaani yanavyokwenda, mchezaji halipwi, lakini mfadhili anampa "nauli" na nauli yenyewe yaweza kumfikisha Kampala na kurudi. Ndo ilivyokuwa. Dereva kwenye karatasi ni wa ridhaa, na wakati huo huo kuna mtu anamlipia gari, petroli, tairi na hoteli.

Carroll Shelby alipitia njia hiyo. Alikuwa mfugaji wa kuku Texas, kuku wakafa akafilisika, na kuna siku alitoka shambani moja kwa moja akaingia kwenye mbio na ovaroli lake la mistari, watu wakaliona hilo ovaroli kuliko hata gari, basi akawa analivaa kila mara. Magari karibu yote aliyong'ara nayo yalikuwa ya watu. Mwaka 1959 huyo mfuga kuku akashinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa kwa Aston Martin DBR1 pamoja na Roy Salvadori.

Kilichovunja ule ukuta ni mwaka 1958. Chama kingine, USAC, ambacho kilikuwa kinasimamia mbio za kulipwa kama Indianapolis, kikaanzisha mashindano ya sports car yenye pesa halali mezani. Oktoba mwaka huo pale Riverside, California, wakakutana wakubwa wote, na aliyeshinda ni Chuck Daigh kwa gari linaitwa Scarab lenye injini ya Chevrolet V8. Gari lilikuwa la Lance Reventlow, kijana aliyezaliwa kwenye utajiri wa kupindukia, lakini Daigh mwenyewe ni fundi, mikono yake ilikuwa ndani ya ile kazi ya kulitengeneza! Wa pili akatoka Dan Gurney, kijana aliyekuwa akiishi huko huko Riverside, na Ferrari ya tajiri mwingine. Mwaka uliofuata Gurney yuko Ulaya anaendeshea timu ya Ferrari yenyewe. SCCA nao wakalegea polepole na kufikia 1963 walikuwa na msururu wao wenyewe wa mbio za kulipa madereva.

Kwa hiyo mwenzako alipwe soda yake. Lakini na wewe swali lako ndo lile lile walilokuwa wakiuliza madereva wenyewe.

SWALI: Nimeona picha ya zamani magari ya mbio yanapita kando ya ndege kubwa za kijeshi. Ni picha ya kutengeneza ama?
– Mama Swaleh, Kisauni

JIBU: Ni picha ya kweli mama. Mbio za Marekani baada ya vita zilikuwa zikipita katikati ya miji midogo, watu wamesimama ukingoni mwa barabara kabisa na watoto wao. Mwaka 1952 pale Watkins Glen, New York, gari likawapitia watazamaji na mtoto wa miaka 7 akafa. Baada ya hapo kufunga barabara ya mji kwa ajili ya mbio kukawa kugumu sana.

Sasa kulikuwa na Jenerali Curtis LeMay, mkuu wa ndege za mabomu za Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sports car. Akawafungulia SCCA viwanja vyake vya ndege, wakaweka mapipa na marobota ya nyasi kavu kuonyesha kona, na faida ya viingilio ikaenda kwenye ustawi wa wanajeshi. Ilidumu mpaka 1954 wanasiasa walipoanza kuuliza mali ya jeshi inafanya nini kwenye michezo. Viwanja vya ndege vimeusaidia sana mchezo huu, Silverstone na Goodwood kule Uingereza asili yake ni hiyo hiyo, na Sebring ya Florida pia, ambapo mbio za saa 12 zilianza 1952 juu ya zege la ndege za vita, zege linalotafuna tairi kwelikweli.

SWALI: Kaka, ile ajali ya Le Mans ilitokeaje, na mbona mbio hazikusimamishwa?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Tarehe 11 Juni 1955. Mike Hawthorn kwenye Jaguar akafunga breki ghafla ili aingie kwa mafundi wake, na Jaguar ilikuwa na breki za diski kwa hiyo ilisimama haraka. Lance Macklin wa Austin-Healey aliyekuwa nyuma yake akakwepa kushoto, na nyuma ya Macklin anakuja Pierre Levegh na Mercedes 300 SLR kwa kasi ya kutisha. Levegh akampanda kwa nyuma, gari lake likaruka likapiga tuta, injini na vipande vingine vikaingia kwenye umati. Zaidi ya watazamaji 80 walikufa na Levegh mwenyewe. Mahali pale pa mafundi hapakuwa na ukuta wowote wa kupatenganisha na barabara, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mbio ziliendelea, na sababu waliyoitoa wasimamizi ni kwamba umati wote ukiondoka kwa pamoja magari ya wagonjwa hayatapita. Mercedes waliondoa magari yao usiku huku wakiongoza. Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani, na Marekani chama cha AAA kilichokuwa kikisimamia mbio za kulipwa tangu zamani kikajitoa, ndo ikaundwa ile USAC niliyomtajia fundi wa Majengo.

SWALI: Na sisi huku wakati huo tulikuwa na nini?
– Omari, Changamwe

JIBU: Omari, mwaka 1953 yalianza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ilikuwa magari ya kawaida ya dukani, vumbi na matope. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda na Volkswagen kobe, na 1955 akashinda tena, safari hii na Ford Zephyr. Na wenye kupenda mafundi kama mimi wanasubiri 1965, Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alipoishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kabla yake.

SWALI: Wanawake walikuwepo au walikuwa wa kupeana maua tu?
– Binti wa Bamburi

JIBU: Walikuwepo dadangu, ingawa mara nyingi walipangiwa mbio zao za pembeni. Mtafute Denise McCluggage, mwandishi wa gazeti la New York aliyekuwa akiandika habari za mbio na kukimbia mwenyewe, helmeti yake ilikuwa na madoadoa, usingeweza kuipoteza. Mwaka 1961 pale Sebring alishinda daraja la GT kwa Ferrari 250, na dereva mwenzake alikuwa Allen Eager, mpiga saksafoni wa jazi.