Mwanangu, Mimi Pia Nililia

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia saa saba usiku nimeisikiliza mara tatu. Umesema dada wa kazi amerudi kwao, mwenzio yuko Mtwara kikazi mpaka mwisho wa mwezi, mdogo anaota meno na halali, na asubuhi mkubwa alipomwaga uji kwenye nguo zako za kazini ulimfokea hadi akajikunyata nyuma ya kochi. Kisha ukajifungia chooni ukalia. Ukaniuliza: "Mama, ulitulea wanne, uliwezaje? Mbona mimi wawili wananishinda?"

Miaka yote hii nimekuacha uamini jambo lisilo kweli. Sikuwalea peke yangu.

Ulipozaliwa, bibi yako alikuja kutoka Pangani akakaa siku arobaini kamili. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, na nepi zako akafua yeye. Alipoondoka, jirani yetu pale Ngamiani akisikia umelia sana alipiga hodi, akakubeba mgongoni, akarudi kuchambua mchele wake. Hakuniuliza kitu. Wewe huko Goba una geti, una ukuta, na jirani unamjua kwa gari lake. Kazi iliyokuwa ya wanawake watano umeachiwa wewe, na bado saa moja asubuhi unatakiwa uwe kituoni.

Na hata mimi niliyekuwa na watu, ulifika usiku nikazidiwa. Mdogo wako alikuwa wa miezi mitatu, wewe una homa, baba yenu yuko zamu ya usiku bandarini. Mdogo alilia tangu magharibi. Nilimnyanyua, nikahisi vidole vyangu vinambana mbavu. Niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Nikamlaza chali kwenye mkeka, nikakuchomekea chandarua, nikatoka uani nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Naukumbuka ubaridi wa lile gogo, na khanga iliyolowa maziwa mpaka kiunoni, maana kila alipopaza sauti yalitoka yenyewe. Nikalia, mwanangu. Sijamwambia mtu mpaka leo.

Kwa hiyo ukihisi hasira imefika mikononi, fanya hivyo hivyo. Mlaze chali mahali asipoweza kuanguka, toka chumbani, nawa uso, kaa dakika chache. Kilio cha dakika tano hakimdhuru. Kumtikisa ndiko kunakoweza kumuua au kumwachia ulemavu wa maisha, kwa sababu shingo yake haijakomaa na ubongo wake ni laini.

Mkubwa muombe radhi. Chuchumaa, mtazame machoni, mwambie, "Mama alikosea kukufokea." Watoto wa miaka mitatu hudhani kila ghadhabu ya nyumbani wameisababisha wao.

Mwenzio mpigie leo. Usimwambie umechoka tu, mtajie kazi: atafute msaidizi yeye, apige simu jioni azungumze na mkubwa wakati wewe unaoga, na akirudi, usiku wa Ijumaa na Jumamosi aamke yeye. Kazini nako omba haki yako. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Omba kwa maandishi. Na nguo zisipopigwa pasi, zivaliwe hivyo hivyo.

Sasa nina jambo moja linaloniumiza roho, nalo nakuomba unijibu kwa ukweli. Mtoto akilala, na wewe unapata usingizi, au unabaki unatazama dari? Chakula kinapita? Ukimshika mdogo unamhisi kuwa wako? Umewahi kuwaza kujidhuru, au kuwadhuru wao? Kulialia siku chache baada ya kujifungua huja kwa wengi na kupita. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, hata kama mtoto ameshaanza kutambaa, huo ni ugonjwa na una tiba. Siku ya kliniki nesi akimaliza kumpima mtoto, mwambie, "Na mimi siko sawa." Wazo la kudhuru likija, usisubiri kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na unipigie hata kama ni usiku wa manane. Zamani kwetu walisema mzazi amepata shetani, akafungiwa ndani. Nilimwona shoga yangu akiteseka hivyo miezi, na sitaki kuyaona kwako.

Nakuja Alhamisi kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshaaga kwenye kikoba, na kuku nimemwachia mdogo wako. Usinipikie, usideki. Vyombo viache kwenye karai. Nikifika uingie chumbani ulale, mdogo nitakuletea akitaka kunyonya tu.

Mama yako