Maswali ya Wasomaji: Chenin Blanc, kutoka Loire hadi Hombolo

Nimenunua chupa mbili za mvinyo mweupe, zote zimeandikwa Chenin Blanc. Ya Afrika Kusini ni kavu, ya Dodoma ni tamu sana. Kweli hiyo ni aina moja ya zabibu? (Msomaji, Mbezi Beach)

Ni aina moja. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, na huko kwao pia hutoa mvinyo mkavu, wa utamu kiasi na mtamu kabisa. Afrika Kusini, inayoongoza duniani kwa ukubwa wa mashamba ya Chenin, iliiita Steen kwa miaka mingi. Siri yake ni uchachu: ni mkali kiasi kwamba sukari ikibaki, mvinyo bado hauchoshi ulimi.

Utamu huamuliwa kiwandani. Hamira hula sukari na kutoa kileo. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia 1 ya kileo. Ikiachwa imalize sukari yote, mvinyo ni mkavu. Mtengenezaji akiupoza ghafla na kutia salfa wakati hamira bado inafanya kazi, sukari inabaki. Kwa hiyo kama lebo haisemi, tazama kileo: Chenin ya asilimia 12.5 au 13 mara nyingi ni kavu, ya 9 au 10 tarajia utamu. Kwenye chupa za Vouvray, eneo la Loire linalotoa Chenin, Sec ni kavu, Demi-Sec ina utamu kiasi, Moelleux ni tamu.

Nina nusu eka ya Chenin Hombolo. Mnunuzi amekataa zabibu zangu, anasema sukari ipo ila uchachu umekwisha. Nivune lini? (Mkulima, Dodoma)

Mnunuzi amesema jambo la msingi. Joto hupandisha sukari na wakati huohuo huunguza tindikali ndani ya punje. Loire wanasubiri sukari hadi Septemba au Oktoba. Dodoma sukari haina shida kuja, kinachokimbia ni uchachu. Ukingoja punje ziwe tamu mdomoni kama za kula, umeshachelewa.

Anza kupima wiki tatu kabla ya siku unayoikadiria, kila baada ya siku tatu. Chuma punje 100 kutoka mistari tofauti, za juu na za chini ya kichala, za upande wa jua na wa kivuli. Ukichagua zile nzuri za pembeni tu, kipimo kitakudanganya. Zikamue kwenye bakuli, koroga, weka matone mawili kwenye refraktomita, kifaa cha kupima sukari. Kwa mvinyo mkavu vuna kati ya Brix (kipimo cha sukari) 19 na 21, na pH (kipimo cha uchachu, ambayo hupanda uchachu ukishuka) isizidi 3.4. Ikipita 3.5 mvinyo hupooza na bakteria hupata nafasi. Pasua punje uone mbegu: zikiwa bado kijani, subiri, zikianza kuwa kahawia, jiandae.

Siku ya kuvuna, anza alfajiri na umalize kabla ya saa tatu asubuhi. Tumia kreti zenye matundu, si viroba. Ndani ya kiroba punje za chini hupasuka, mchuzi wake unaanza kuchacha juani, na mzigo unafika kiwandani ukinuka siki. Hilo pia ni sababu ya kukataliwa.

Angalia na msimu. Mavuno ya Agosti na Septemba hukomaa baada ya usiku wa baridi wa Juni na Julai, na baridi hiyo hutunza uchachu. Ya Februari na Machi huangukia mvua, na vichala vya Chenin vimebanana mno: maji yakizidi punje hufura, zinapasuana, uozo unaingia, huku ubwiri unga na ubwiri vinyoya vikishambulia majani. Ondoa majani yanayofunika vichala upande wa mashariki pekee ili hewa ipite. Ya magharibi yaache, jua la alasiri litababua ngozi ya zabibu.

Chupa yangu ilikaa friji wiki nzima, sasa chini kuna chembe zinazong'aa. Ni vipande vya kioo? (Msomaji, Arusha)

Si kioo. Ni tindikali ya zabibu yenyewe iliyoungana na potasiamu na kuganda kwa baridi. Haina madhara, simamisha chupa saa chache, mimina taratibu, masalia yaache chini. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni rangi iliyogeuka kahawia na harufu ya tufaha lililochubuka: hapo hewa au joto limeshauharibu.

Na usiunywe moja kwa moja kutoka friji ya nyuzi 4, harufu yake itakuwa imelala. Utoe dakika 15 hadi 20 kabla, ufike nyuzi 8 hadi 10. Wenye utamu kiasi tunaupendekeza kwa samaki wa kupaka, kwa sababu uchachu hukata mafuta ya nazi na sukari hutuliza pilipili. Ukibaki, funga kizibo, rudisha friji, umalize ndani ya siku tatu.