Kalkuleta inanipa pembe hasi
SWALI: Shikamoo mwalimu, vekta (-3, 4) ukubwa nimepata 5 ila mwelekeo kalkuleta inaleta nyuzi -53.13, kwenye majibu ni 126.87, imekuaje?

JIBU: Marahaba. Ukubwa uko sawa, 9 jumlisha 16 ni 25, kipeuo chake 5. Shida ni tanjenti, yaani y gawanya kwa x, ukishagawanya 4 kwa -3 kalkuleta haijui tena hasi imetoka kwa x au kwa y, inakupa tu pembe kati ya -90 na 90, na hiyo -53.13 ni ya vekta (3, -4) inayoelekea upande wa pili kabisa! Chora kwanza jamani, hata mchoro wa harakaharaka, utaona yako iko juu kushoto, basi x ikiwa hasi ongeza 180, inakuja 126.87 toka mhimili wa x chanya.