Usiitolee pesa kabla hujaishonea mwenyewe

Dada yangu, umeuliza kama uinunue ile cherehani ya mkono mrefu ya kushonea mifarishi (yale matandiko yenye pamba katikati), iliyotumika, ambayo mwenyewe aliileta Tanga kutoka Marekani. Nenda kaione, lakini pochi iache nyumbani.

Umeshapima chumba? Katika mashine hii kitambaa kinatulia kwenye fremu, kichwa ndicho kinachotembea juu ya reli. Fremu ya futi 12 haienei katika vyumba vingi vya Ngamiani, na bado unahitaji pa kusimama mbele na nyuma.

Kisha soma kibati cha umeme kilichobandikwa kwenye mashine. Marekani wanatumia volti 120, sisi 230. Kikiandika 120 peke yake, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme. Ukiichomeka hivihivi unaiunguza siku hiyohiyo.

Nenda na kitambaa chako, pamba ya katikati na uzi wako. Shona maduara, halafu geuza utazame chini. Ukiona uzi umejikusanya vitone vitone kwenye mizunguko ya mshono, rekebisha mkazo wa uzi ujaribu tena. Visipoisha, fungua penye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) upitishe ukucha kwenye ncha ya ndoano inayodaka uzi: ukucha ukikwama, ncha imechubuka. Hapo hapo angalia kutu, maana hewa yetu ya bahari haisamehe chuma. Kichwa nacho kisukume kwa kidole kimoja, kiteleze bila kugota.

Ila kama unapata oda ya mfarishi mmoja kwa mwezi, mimi nisingenunua. Kile kibati kipige picha, uiweke hapa tukisome pamoja.