Usicheze Jumamosi: mguu usiouma si mguu uliopona

Usicheze Jumamosi. Nimesoma maelezo yako mara mbili: umeteguka kifundo cha mguu wa kulia wiki tatu zilizopita, picha haikuonesha mfupa uliovunjika, mtaalamu wa fiziotherapia amekupangia mazoezi ya wiki 6, mwalimu wa timu anakutaka uwanjani kwa kuwa uvimbe umekwisha na huchechemei tena, nawe unauliza ununue bandeji gani, uvae viatu gani, kama kukimbia pwani kutakufaa, na kama kipo chakula cha kuharakisha kupona. Mdogo wangu, hayo ni maswali ya mtu aliyekwisha kuamua kucheza. Niliyauliza yaleyale nilipokuwa kama wewe, nikasikiliza jibu nililolipenda, na jibu hilo lilinigharimu misimu miwili ya mpira na msimu mzima wa karafuu.

Nilikuwa beki wa kulia wa timu ya mtaani kwetu Wete, kisiwani Pemba. Niliruka kupiga mpira wa kichwa, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, wayo ukageukia ndani na uzito wote ukaangukia ukingo wa nje wa mguu. Usiku ule nilikandwa kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu. Kosa hilo nalipita haraka kwa sababu wewe hukulifanya. Itoshe kusema kwamba katika siku mbili tatu za mwanzo damu bado inavuja ndani, kukanda kwa nguvu na kwa moto huzidisha uvimbe, na kulipokucha ule mfupa wa nje wa kifundo ulikuwa umezama kabisa, hauonekani.

Hospitali nilipigwa picha kwa sababu sikuweza kutembea hata hatua nne. Ndivyo zinavyosema kanuni za Ottawa, zilizotungwa na madaktari wa Kanada mwaka 1992: ukishindwa hatua nne, au ukiumia unapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe sehemu fulani za kifundo na wayo, basi upigwe picha. Mfupa ulikuwa salama. Na hapo ndipo nilipopotezwa, na hapo ndipo nawe unapopotezwa sasa hivi. Picha ya eksirei inaonesha mifupa, haioneshi ligamenti, yaani zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Na mtu anapoteguka kama tulivyoteguka mimi na wewe, zinazochanika ni hizo za upande wa nje, hasa ile ya mbele inayoshika mfupa mwembamba wa muundi na mfupa wa kifundo. Picha safi maana yake ni kwamba hukuvunjika. Haina maana kwamba huna kitu.

Mwalimu wetu aliichukua ile picha, akaielekeza kwenye taa mbele ya wachezaji wote, akasema, “Mfupa huu hapa, mzima. Kijana anadeka.” Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amenitaka niende kwake mara mbili kwa wiki, na kila jioni nyumbani nisimame juu ya mguu mmoja. Mwalimu akasema kusimama mguu mmoja ni mchezo wa watoto wa skuli ya maandalizi, na kwamba mpira ndio mazoezi yenyewe. Nilihudhuria mara tatu tu, nikaacha. Mpaka leo, nikikutana naye barazani, salamu yake naijibu lakini moyo wangu haujatulia, kwa sababu alikuwa mtu mzima, mimi nilikuwa na miaka 22 na nilimwamini, na kifundo kilipokuja kuharibika hakufika hata mara moja kunijulia hali. Mtu asiyejua tiba hakatazwi kufundisha mpira, lakini hana haki ya kufuta maneno ya anayejua.

Nilirudi uwanjani wiki ya nne. Dakika za mwanzo niliona fahari, kwa sababu hakuna kilichouma. Kisha mpira ukapigwa nyuma yangu, nikageuka kuufukuza, na mguu ukapinduka peke yake, pahala tambarare, bila ya mtu kunigusa. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kuliko jengine lolote. Mara ya kwanza nilitua juu ya kiatu cha mtu. Mara ya pili sikukanyaga kitu. Mara ya tatu nilikuwa nashuka gari ya abiria. Baadaye sikuhesabu tena. Karafuu zilipoiva sikuweza kupanda mkarafuu, kwa kuwa huwezi kusimama kwenye tawi huku hujui kama kifundo chako kitakaa au kitageuka, na ilibidi tuweke wachumaji wa kulipwa kwa pishi katika mikarafuu ambayo mimi na kaka yangu tulikuwa tukiichuma wenyewe. Mama hakunilaumu. Aliketi jamvini akichambua karafuu, akinitazama nilivyokuwa nikiuweka mguu chini kwa tahadhari, na lile tazamo sijalisahau.

Ulipita zaidi ya mwaka ndipo nikampata mtaalamu mwengine wa fiziotherapia. Hakuanza na dawa wala mashine. Alinivua viatu, akanisimamisha juu ya mguu mzima, akaniambia nifumbe macho. Nikatulia, akahesabu mpaka 20. Akanibadilisha mguu. Alipofika 2 vidole vyangu vilikuwa vimejikunja vikiikwaruza saruji. Alipofika 3 zile kano za nyuma ya mfupa wa nje zilikuwa zikirukaruka chini ya ngozi kama uzi wa mshipi uliokamata samaki. Alipofika 4 nilikuwa nimeshika ukuta. Mguu haukuwa ukiuma hata kidogo. Nilikaa kitako nikanyamaza.

Alinieleza kwamba ligamenti si kamba tupu. Ndani yake mna ncha za neva zinazoupasha mwili habari ya jinsi wayo ulivyokaa, na wayo unapoanza kugeuka, misuli ya upande wa nje wa muundi hutakiwa kuuvuta urudi kabla hujaanguka. Ligamenti ikichanika, habari ile hufika kwa kuchelewa na misuli nayo hudhoofika kwa kutotumika. Maumivu huondoka mapema, uvimbe hufuata, lakini uwezo huo wa kujishika haurudi mpaka ufundishwe, na ligamenti zenyewe huendelea kujiimarisha kwa miezi. Kwa hiyo wiki ya tatu au ya nne ndiyo ya hatari kubwa, kwani mguu hauumi tena na bado haujijui.

Kanuni yangu ni hii moja, na siiachi: mguu ulioumia upimwe kwa mguu mzima, usipimwe kwa maumivu. Simama juu ya kila mmoja ukiwa umefumba macho. Weka ncha ya kidole gumba sentimita 10 kutoka ukutani, piga goti mpaka liguse ukuta bila ya kisigino kunyanyuka, kisha ulinganishe. Kwenye kidato cha ngazi nyanyua kisigino kwa mguu mmoja mpaka uchoke, uhesabu. Ruka mbele kwa mguu mmoja, upime umbali. Mguu wa kulia ukishindwa na wa kushoto katika lolote kati ya hayo, hujapona, hata kama unatembea vizuri. Mimi ilinichukua miezi minne kuisawazisha miguu yangu: kwanza kusimama sakafuni, kisha juu ya mto uliokunjwa, kisha nikirushiwa mpira niudake huku nimesimama hivyo hivyo, na kila siku kuusukuma wayo kwa nje dhidi ya kipande cha tyubu ya baiskeli nilichokifunga kwenye mguu wa kitanda. Ningeyafanya mapema, pengine ningekuwa nimerudi mchezoni kabla ya msimu ule wa kwanza kumalizika.

Umeuliza bandeji. Bandeji ya kuvutika inafaa siku za mwanzo kwa ajili ya uvimbe. Kwa kuchezea, kilicho bora ni kile kifunga kifundo kigumu cha kukaza kwa kamba, nacho hupunguza kweli hatari ya kuteguka tena, lakini kiwe msaidizi wa mazoezi. Ukikivaa Jumamosi hii kitakutia moyo wa kufanya jambo ambalo mguu haujaliweza.

Na pwani usiende kukimbia. Hata maji yakipwa na mchanga ukawa mgumu, ufukwe umeinama, na mguu ulio upande wa bahari hukanyaga ukingo wake wa nje ukiwa chini, upande uleule ulioteguka. Kwenda bahari ikiwa kulia kwako ni kuuvuta mguu mbovu kwa njia ileile kila hatua.

Rudi kwa mtaalamu wako, umwambie waziwazi kwamba unashinikizwa ucheze, na umwombe akupime miguu yote miwili mbele ya mwalimu wako kama atakubali kuja. Asipokuja, fanya hivi: leo baada ya sala ya Isha simama pekupeku karibu na ukuta, fumba macho, mdogo wako akuhesabie, wa kushoto kisha wa kulia, na uniandikie hapa nambari zote mbili bila ya kuongeza hata moja.