Ukienda Sardinia kwa baiskeli, panga safari kwa migodi, si kwa kilomita

Kwenye ramani ilionekana rahisi. Kutoka Iglesias tungeshuka baharini, tupite Nebida na Masua, tupande hadi Buggerru, kisha tumalizie Fluminimaggiore: kilomita 50 hivi. Mimi nimekulia Kahama, ambako kilomita 50 na gunia la mpunga kwenye keria ni safari ya asubuhi, kwa hiyo nilimwambia shemeji yangu kwa uhakika kabisa, "Saa nane mchana tutakuwa tumeshakula." Tulifika saa tatu usiku. Maji yalikuwa yametuishia mara mbili, raba za breki za nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma kinagusa rimu, na nilikuwa nimepita mlangoni mwa mojawapo ya kazi kubwa za uhandisi za pwani ile bila kuingia, kwa sababu nilikuwa nakimbizana na saa.

Ndiyo maana nilirudi mwaka uliofuata. Na ndiyo maana naandika haya, kwa yeyote kati yetu tunaoishi Ulaya, au anayekuja kutembea, mwenye baiskeli na siku saba au nane za kutumia vizuri.

Eneo lenyewe linaitwa Sulcis-Iglesiente, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Sardinia, Italia. Ni nchi ya risasi, zinki, fedha na makaa ya mawe. Watu wa Pisa walichimba fedha hapo Iglesias tangu karne ya 13. Karne ya 19 zikaingia kampuni za Wafaransa, Wabelgiji na Waingereza, vijiji vikaota mlimani ndani ya miaka michache, na kufikia miaka ya 1990 karibu kila kitu kilikuwa kimefungwa. Vijiji vingine vimebaki na kuta tu. Barabara zimebaki.

Hizo barabara ndizo unazopaswa kuzielewa kabla hujapakia mzigo. Mgodi ulikuwa mlimani, soko lilikuwa ng'ambo ya bahari, na kila mgodi ulitafuta njia yake ya kushusha mawe hadi ufukweni. Kwa hiyo unashuka hadi majini, unapanda tena mpaka juu, halafu unashuka bonde linalofuata. Kati ya Masua na Acquaresi kuna mpando ambao sioni aibu kusema tuliusukuma kwa miguu karibu wote. Hesabu kilomita 30 hadi 40 kwa siku, basi. Ukizidisha hapo utafika, lakini utakuwa umeona lami na gurudumu la mbele tu.

Kosa letu jingine lilikuwa mwelekeo. Upepo mkuu wa huko ni maestrale, unatoka kaskazini-magharibi, na ukiamua kuvuma unaweza kuvuma siku tatu bila kupumzika. Sisi tulikuwa tunaenda kaskazini, tukiupokea kifuani. Safari ya pili tuligeuza. Tulipanda treni Cagliari, mji mkuu wa Sardinia, hadi San Gavino Monreale, mji ambao tangu 1932 ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka migodi ya jirani, tukaanzia hapo kwenda Montevecchio, kisha tukateremka kusini. Upepo ulitusukuma mgongoni. Na kwa kuwa Italia wanaendesha kulia, ukielekea kusini bahari iko upande wako, hakuna gari linalokukinga na mandhari.

Nenda Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti achana nayo. Jua la kule si la kuchezea, kivuli hakuna, na moto wa msituni ni jambo la kweli kila kiangazi.

Montevecchio wape siku nzima. Mgodi ulipata kibali mwaka 1848 chini ya Giovanni Antonio Sanna na ulifungwa mwaka 1991, na ukiingia kwenye jumba la uongozi utaona dari zilizopakwa rangi kwa mkono, fanicha, ukumbi wa kupokelea wageni. Halafu tembea uone walikolala vibarua. Kilichonikaa moyoni ni habari za wanawake. Huko waliitwa cernitrici, kazi yao ilikuwa kupasua mawe kwa nyundo na kuchambua yenye madini na yasiyo na kitu, wengine wakiwa bado watoto. Mwaka 1871 tangi la maji liliporomoka na kuua wanawake na wasichana 11 papo hapo Montevecchio. Mama yangu mdogo ameponda mawe Kakola miaka mingi. Najua mkono wa mtu anayefanya kazi hiyo unavyokuwa: kidole gumba kinapinda, kucha ya shahada haioti vizuri. Kwenye kioo cha makumbusho kulikuwa na nyundo moja ndogo, mpini umelika pale dole gumba linapokaa. Nilisimama hapo mpaka shemeji akaja kunishika bega.

Kutoka hapo unaweza kwenda Arbus na kufuata barabara kuu ya 126 moja kwa moja hadi Fluminimaggiore, au kuchepuka Ingurtosu na kuteremka barabara ya vumbi kupitia Naracauli hadi matuta ya mchanga ya Piscinas. Njiani, kwenye mteremko, linasimama gofu la mtambo wa kuoshea madini uliojengwa mwaka 1900 wakati wa mmiliki Mwingereza, Thomas Allnutt Brassey. Matao yake bado yamesimama, mbuzi wanapita chini yake. Kule kwetu mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, yaani kutenga madini na mawe, tunauita marudio, na hapo umejaa bondeni. Sasa sikiliza neno hili vizuri: vijito vya huko vina rangi ya kutu. Usinywe, usichemshe chai, usijaze chupa hata kama una kichujio, maana kichujio cha kawaida cha msafiri hakitoi risasi wala zinki. Chukua lita nne kwa mtu kila asubuhi na ujaze tena kijijini, kwenye bomba la uwanjani au kwenye mgahawa. Barabara hiyo ya vumbi inataka tairi pana, milimita 40 au zaidi. Kwa tairi nyembamba ungana na lami, usijiumize.

Maduka. Hili liliniponza mara ya kwanza. Vijiji vya huko hufunga maduka kuanzia saa saba mchana hivi mpaka saa kumi na moja jioni, na Jumapili mchana hakuna kitu kabisa. Nunua asubuhi. Mkate mkubwa wa ngano wanaouita civraxu unakaa siku tatu bila kuharibika, na ukiongeza kipande cha jibini ya kondoo na nyanya, umekula.

Buggerru ni kijiji kilichobanwa kati ya majabali mawili na bahari. Tarehe 4 Septemba 1904 askari walifyatua risasi kwa wachimbaji waliokuwa wamegoma kwa sababu meneja alikuwa amewakata saa moja ya mapumziko ya mchana. Watatu waliuawa, na hasira iliyotokana na mauaji hayo ilichangia mgomo mkuu wa nchi nzima ya Italia mwezi huohuo. Saa moja tu ya kivuli! Ukipita hapo kwa baiskeli mchana wa jua kali, ukatafuta pa kujificha ukakosa, utaelewa kwa ngozi yako walichokuwa wanadai. Juu ya kijiji kuna Galleria Henry, handaki lililochongwa mwaka 1865, ambamo treni ndogo ya mvuke ilipitisha mawe ndani ya mwamba. Lina matundu yanayotazama bahari kutoka juu sana. Kama mwongozo anatembeza siku hiyo, ingia.

Na Porto Flavia, pale Masua, ndipo nilipopita mbio mara ya kwanza. Usifanye hivyo. Wanaingiza watu kwa makundi na kwa saa maalumu, pamoja na mwongozo, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Weka nafasi kwanza, halafu ndipo upange siku yako kuizunguka. Mteremko wa kutoka Acquaresi kushuka Masua ni mkali, kwa hiyo kagua raba za breki asubuhi: ukiona mistari yake imeanza kupotea, badilisha palepale, usiseme "nitabadilisha jioni". Beba seti moja ya akiba. Duka la baiskeli hutalikuta mpaka ufike Iglesias.

Ndani ni baridi, vaa koti. Wanakupa kofia ngumu, unatembea gizani, na mwongozo anaeleza jinsi mambo yalivyokuwa zamani: mawe yalibebwa kwa vikapu begani na wanaume walioitwa galanzieri, wengi wao kutoka Carloforte, mji ulio kwenye kisiwa cha jirani cha San Pietro. Walipakia mashua zao za tanga ufukweni, wakavusha mzigo hadi Carloforte, na huko wakaupakia upya kwenye meli kubwa. Bahari ikichafuka, mtu na mzigo wote walikwenda chini. Mwaka 1923 na 1924 mhandisi Cesare Vecelli akachonga mahandaki mawili ndani ya jabali, moja juu ya jingine, na kati yake ghala tisa za kusimama zilizochimbwa mwambani. Treni ilimwaga mawe juu, yakakaa ghalani, yakatoka chini kwenye mkanda mrefu uliojitokeza nje ya jabali na kumimina moja kwa moja tumboni mwa meli. Mahali hapo alipaita kwa jina la binti yake, Flavia. Unafika mwisho wa handaki, mwanga unakupiga usoni, na mbele yako, majini, unasimama mwamba mweupe wa chokaa wenye urefu wa mita 133 unaoitwa Pan di Zucchero. Shemeji, ambaye ni fundi wa mitambo na si mtu wa maneno mengi, alimuuliza mwongozo maswali mpaka kundi letu likabaki nyuma ya ratiba. Alitaka kujua milango ya ghala ilifungwaje, mkanda ulivutwa na nini, nani alikuwa anaitia grisi. Kwenye safari ya kwanza tulikuwa mita chache kutoka hapo na nilimkataza kusimama.

Nebida kuna gofu jingine la kuoshea madini, Laveria Lamarmora, la mwaka 1897, chini kabisa kwenye ngazi nyingi. Funga baiskeli juu, shuka jioni jua linapozama. Halafu lala hapohapo Nebida au Masua. Ukiamua kuendelea gizani, sheria ya Italia inadai fulana inayong'aa nje ya mji usiku, na vilevile ndani ya mahandaki ya barabarani mchana na usiku. Mimi naivaa muda wote.

Iglesias ni mahali pa kufua nguo, kutengeneza baiskeli na kula chakula cha moto. Nje kidogo, kwenye mgodi wa Monteponi, kuna kilima chekundu cha mabaki ya kuchenjua zinki, chekundu kama udongo wa Kahama baada ya mvua. Piga picha ukiwa barabarani, usipande.

Siku mbili za mwisho ni tambarare zaidi. Carbonia ni mji uliozinduliwa tarehe 18 Desemba 1938 kwa ajili ya makaa ya mawe, na mgodi wake wa Serbariu, uliofanya kazi 1937 hadi 1964, sasa ni makumbusho. Jengo la taa, ambapo kila mchimbaji alichukua taa yake akishuka na kuirudisha akipanda, ndilo linalokupokea. Stesheni ya treni ya kurudi Cagliari iko jirani, lakini nafasi za baiskeli kwenye behewa ni chache, kwa hiyo chagua treni ya asubuhi ya katikati ya wiki.

Kabla ya treni hiyo, nenda Portovesme upande kivuko cha Carloforte. Mji ulianzishwa mwaka 1738 na familia zenye asili ya Genova zilizotoka Tabarka, Tunisia, na mpaka leo wanaongea Kigenova chao. Tulifunga baiskeli kwenye ubavu wa kivuko kwa kamba, tukapanda juu. Hewa ilikuwa safi, na shemeji akaniita upande wa kaskazini, akanionyesha kitu cheupe kidogo kama jino kwenye ukingo wa bahari. Ulikuwa ule mwamba wa Masua. Tulikaa pale kimya tukipima kwa macho umbali ambao galanzieri walivusha mawe kwa tanga, mpaka kivuko kikapiga honi ya kuingia bandarini.